Macho ya Ndama, na Waliotafuta Mchawi

Siku ya kuniaga walinipa kitenge, soda ya moto na hotuba ndefu. Mkubwa mmoja, ambaye sijawahi kumwona kwenye chumba cha upasuaji, alisema kwamba nimekuwa nguzo ya idara. Nguzo haiketi na hakuna anayeiuliza kitu, kwa hiyo nilimwelewa vizuri. Lakini ninyi vijana wa zamu ya macho mliniuliza swali lililozidi hotuba zote. Mlitaka kujua nilijifunza wapi kumtambua mtoto mwenye glokoma kabla mama yake hajaketi kwenye benchi. Hili ndilo jibu. Ni refu, nanyi mmezoea kusoma kwenye simu. Poleni.

Mimi ni Zaina, binti wa dereva wa lori aliyetoka Maniema akahamia Goma na kuoa hapa hapa binti wa baba yake mdogo. Nawaambia hilo mapema ili msije mkadhani nacheka ndoa za watu wengine tu. Nilianza kazi ya uuguzi wa macho wakati wa uasi ule ambao wakubwa wake walibadilisha jina la chama mara nyingi kuliko sisi tulivyobadilisha mashuka. Daktari wetu wa macho alikuwa Dokta Anakleti, mtu mfupi, mwenye mikono midogo kama ya msichana na mdomo usiopumzika. Siku ya kwanza hakutazama cheti changu.

"Unajua kushika kichwa ya mutoto?" aliniuliza.

"Najua, Docteur."

"Hapana. Unajua kubeba mutoto. Kushika kichwa ni kazi ingine."

Akanionyesha. Mtoto anaviringishwa shuka hadi shingoni, mikono ikiwa ndani. Wewe unakaa kichwani pake, mikono yako inabana masikio yake pande zote mbili, na husukumi paji la uso hata akupigie kelele namna gani, kwa sababu ukisukuma karibu na jicho unaharibu kipimo. Kisha akanionyesha vyombo vyake. Kulikuwa na kompas ndogo ya chuma ya kupimia upana wa kioo cha mbele cha jicho, taa ya mkononi, na kile chombo cha kupima presha ya jicho chenye visahani vya uzito, ambacho hakuna mtu aliyeruhusiwa kukifuta ila yeye. Mke wake alikuwa akisema kwamba yeye hajawahi kufutwa vumbi kwa upole ule.

Katika juma lile lile la kwanza alikuja mama mmoja kutoka Masisi, familia ya wafugaji, ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa anaumwa jicho. Mgongoni alikuwa na mtoto mchanga. Benchi lote likamsahau mama, likaanza kumsifu mtoto. "Angalia macho! Ni macho ya ndama kabisa!" Ninyi mnaotoka kwenye familia za ng'ombe mnajua kwamba hakuna sifa inayopita hiyo. Msichana mwenye macho ya ndama huolewa kabla hajajua kupika. Dokta Anakleti alisikia zile sifa akiwa anakunywa chai. Akaiacha.

"Mama, uyu mutoto anakimbia mwanga?"

Mama akacheka. "Njo vile, Docteur. Jua likitoka anaficha uso ku ziwa yangu."

"Na machozi?"

"Inatoka tu, hata kama halie."

Baadaye aliniita pembeni. "Zaina, siku benchi nzima inasifu macho ya mutoto, weye acha kila kitu, leta kompas."

Jicho hutengeneza maji yake lenyewe, na lina mfereji mwembamba wa kuyatoa. Kuna watoto wanaozaliwa na mfereji ambao haukujengwa sawasawa. Maji yanaingia, hayatoki, presha inapanda. Jicho la mtoto mchanga bado ni laini, kwa hiyo linavimba kama puto. Kioo chake ambacho kilipaswa kuwa na upana wa milimita kumi hivi kinapita kumi na mbili, kinapata ukungu, na mshipa wa nyuma unaopeleka picha kwenye ubongo unakufa polepole. Hiyo ndiyo glokoma: wakati majirani wanasifu, mtoto anapofuka.

Kisha volkano ikapasuka. Lava ilipita katikati ya mji kama mtu anayeelekea nyumbani kwake, ikazika barabara yetu na kliniki yetu pamoja na saa ya ukutani ambayo haikuwahi kusema kweli. Dokta Anakleti alikimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, akiwa na kandambili miguuni na sanduku la vyombo vya upasuaji kifuani. Mke wake alibeba godoro na watoto. Sufuria ziliungua, na habari ya zile sufuria aliisikia mpaka alipostaafu. Tuliporudi, mawe yakiwa bado na joto chini ya viatu, tulipewa darasa la shule ya msingi. Tukaweka meza ya upasuaji chini ya ubao.

Humo ndimo alimoingia Furaha, mke kijana aliyeolewa Kiwanja, mgongoni akiwa na mtoto wake wa kwanza, Espoir, amefunikwa kichwa kizima. Nyuma yake alikuja mume wake, Innocent, fundi wa pikipiki. Nyuma ya mume alikuja mama mkwe, Stefania, ambaye kilipopatikana kiti kimoja alikuwa wa kwanza kukikalia.

Furaha alifunua kitenge. Mtoto akazika uso mara moja. Nilipomgeuza, vioo vya macho yote mawili vilikuwa vikubwa na vyeupe kama maziwa yaliyotiwa maji. Kabla hatujamgusa, maelezo yalikuwa yameshajaa darasani.

"Uyu muke alitazama moto ya lava na mimba," alisema Stefania.

"Mama, mutoto alizaliwa mbele lava itoke," alisema Dokta.

Stefania akafikiri kidogo. "Basi aliuota."

Pasta wao alikuwa amesema kwamba ni pepo anayechungulia. Mgeni mmoja mwenye koti la mifuko mingi, aliyekuwa akitembelea waliounguliwa, alimpiga Espoir picha, akasema kwa huzuni kwamba hayo ndiyo macho ya vita. Ofisa mmoja wa wale waliotutawala wakati huo, ambaye alikuja kutafuta miwani ya bure, alisema ni sumu ya Kinshasa. Sina shaka kwamba Kinshasa wangesema ni sumu yake yeye. Kila mmoja alimpa mtoto yule adui wake mwenyewe, na hakuna aliyeuliza kama mtoto anaona.

Tulimlaza. Dokta alipasua nje kidogo ya kioo, akatafuta ule mfereji kwa chuma chembamba kilichopinda, akakizungusha na kuufungua kwa ndani. Ni kazi ambayo huwezi kuikimbiza, na siku ile ardhi ilikuwa bado inatetemeka kila mara. Ikitetemeka, Dokta aliinua mikono, akasubiri, akaendelea. Hakusema neno hata moja, jambo ambalo lilinitisha kuliko mtetemeko.

Mtoto alipolala salama, Dokta aliwaita wazazi. Darasa lilikuwa na kopo la punje za mahindi za kuhesabia. Akazimwaga mezani.

"Kila mutu iko na punje mbili za kujenga ule mufereji," alisema. "Moja ya papa, moja ya mama. Ukiwa na mbaya moja na nzuri moja, ile nzuri inafanya kazi, unaona vizuri, hata huwezi kujua. Lakini kama papa anabeba mbaya moja, na mama mbaya moja, kuna mutoto atapata zile mbaya zote mbili. Kila mimba, ni nafasi moja ku nne."

Innocent alikunjua uso. "Basi uyu amekwisha kubeba ile mbaya. Batatu benye batakuya batakuwa bazima."

"Hapana, papa. Punje haina kumbukumbu. Kila mimba wanaanza upya."

Stefania alisukuma mahindi kwa kidole. "Docteur, kwetu punje zote ni nzuri. Bababu ya bwana yangu baliona mpaka ku kaburi."

"Njo maana nasema, mama. Mwenye kubeba moja anaona."

"Sasa unajua aje kama mutoto wangu anayo?"

"Juu ya uyu mwenye kulala hapa."

"Uyu ni wa muke!"

Sote tukamtazama Espoir. Alikuwa na masikio ya Innocent, makubwa, yaliyosimama mbele kama milango miwili iliyosahauliwa wazi. Hakuna mahakama ambayo ingeyakataa masikio yale. Dokta akamgeukia Furaha, akamuuliza mama yake mzazi alitoka wapi. Furaha alizaliwa Bunagana, lakini mama yake alitoka kilima fulani, akakitaja. Innocent akainua kichwa.

"Ni kilima ya tate, babu yangu," alisema. "Papa yangu na dada yake balizaliwa kule."

"Kilima ni kikubwa," alisema Stefania, akafunga mkoba.

Jicho la kulia la Espoir likasafika. La kushoto lilibaki na ukungu. Furaha alimrudisha kwa vipimo kila alipoitwa. Alipozaa mtoto wa pili, Neema, mwenye macho ya kawaida, ukoo ulitangaza kwamba maombi yamefanya kazi, na Dokta Anakleti akasahaulika pamoja na mahindi yake.

Hapa nikatize kidogo, msije mkadhani kila glokoma ya utotoni inapita njia hiyo moja. Kuna nyingine ambayo punje moja mbaya inatosha, mzazi mmoja anaigawa, na nafasi ya mtoto kuipata ni nusu kwa nusu. Tulipata baba mmoja aliyeapa kwamba ugonjwa hautoki kwake. Dokta alimwomba acheke. Meno yake yalikuwa machache na membamba, na mboni ya jicho lake moja ilikuwa imevutwa upande. Mtoto alikuwa na mboni ile ile, na kitovu kilichotokeza. Yule baba alikuwa anaapa huku ushahidi uko kinywani mwake. Kwa hiyo tazameni meno, tazameni kitovu, tazameni wazazi.

Espoir alipokuwa ameanza shule, uasi mwingine ulishika barabara ya Rutshuru. Ndipo Furaha alipozaa mtoto wa tatu, Amani. Safari hii hakungoja mtu amwambie. Alimpeleka mtoto mlangoni asubuhi, mtoto akafumba macho kwa nguvu, machozi yakamtoka. Akamwambia mume wake kwamba anakwenda Goma. Stefania alitoa nguo za Furaha nje, akazifunga vizuri, maana alikuwa mwanamke msafi.

"Usirudi nayo," alisema. "Umekwisha kutuletea mbili."

Innocent alikuwa uani akifungua mashine ya pikipiki. Furaha alinieleza kwamba aliifungua mashine yote, akaipanga chini kipande kwa kipande, na hakuinua kichwa hata mara moja.

Akaondoka na watoto watatu katika nchi iliyogawanywa na vizuizi. Karibu na Rumangabo askari walimsimamisha.

"Juu ya nini unaficha uyu mutoto?" aliuliza mmoja.

"Ni mugonjwa wa macho, chef."

"Funua."

Akafunua. Amani akafungua yale macho makubwa ya kijivu, akamkazia askari kabla jua halijamchoma. Askari akarudi nyuma hadi akagonga mwenzake.

"Bulozi! Pita! Pita mbiyo!"

Kwenye kizuizi kilichofuata Furaha hakungoja kuambiwa. Alifunua mwenyewe. Nimeona watu wengi wakipita vizuizi kwa barua, kwa undugu na kwa machozi. Sijaona mwingine aliyepita kwa ujinga wa askari peke yake.

Alipotueleza, Dokta Anakleti alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akapima, akaacha kucheka, akamlaza mtoto siku hiyo hiyo. Amani alifika mapema, vioo vikiwa bado na ukungu mwepesi tu. Macho yote mawili yakapona kwa sababu mama yake alijua cha kutazama. Furaha akabaki Goma. Alikodi chumba kwenye mawe meusi ya lava, akauza maharage sokoni.

Kule Kiwanja walimtafutia Innocent mke mpya, na safari hii hawakutaka mtu wa nje. Walimpa Solange, binti wa shangazi yake, yule dada wa baba yake aliyezaliwa kule kilimani. Habari zilitufikia kwamba Stefania alisimama kwenye sherehe akasema, "Hii ni damu yenye tunajua." Alisema kweli kabisa. Waliijua.

Sasa, vita ilikuwa imetulia kidogo, kliniki yetu ilikuwa imejengwa upya juu ya lava, na asubuhi moja nilitoka kuita wagonjwa. Furaha alikuwa kwenye benchi, wa kwanza, amemleta Amani kwa kipimo. Mlangoni aliingia Stefania, amezeeka, amebeba mtoto aliyefunikwa kichwa kizima. Nyuma yake alikuwa msichana mwembamba, Solange. Nafasi iliyobaki ilikuwa pembeni ya Furaha. Stefania alisimama. Kwa mara ya kwanza hakukimbilia kuketi.

Nakiri kwamba nilikuwa na maneno tayari. Nilikuwa nimeyatunza miaka mingi, yalikuwa makali na yamepangwa. Furaha akanitangulia.

"Mama, jambo. Mutoto anakimbia mwanga?"

"Ni vumbi ya njia," alisema Stefania.

"Anatoka machozi?"

"Ni vumbi."

"Tangu wakati gani?"

Stefania alivuta kitambaa cha mtoto chini zaidi. Solange ndiye aliyejibu, kama anayemjibu dada yake mkubwa, kwa sauti ambayo benchi lilibidi liiname kuisikia. "Tangu kuzaliwa, yaya."

Furaha akasimama, akambeba Amani. "Mama Zaina, ingiza uyu mutoto mbele ya wangu," alisema. "Wangu anaona."

Maneno yangu yote nikayaacha pale pale. Sijapata mengine makali kuliko hayo mawili ya mwisho, naye aliyasema bila kupandisha sauti.

Ndani, Dokta Anakleti alimaliza kupima, akanyoosha mkono kwenye rafu, penye lile kopo la darasani.

"Docteur," alisema Stefania, "sitaki mahindi. Tengeneza mutoto."

Akamtengeneza alivyoweza. Walikuwa wamechelewa, wakitafuta kwanza dawa ya vumbi, baadaye pasta, baadaye pasta mwingine. Jicho moja liliokoka kwa sehemu. Na Stefania sasa alikuwa amekwama. Kumlaumu Solange ilikuwa kuwalaumu wazee wa mume wake, na mchawi aliyemtafuta nje miaka yote alikuwa amelala kwa heshima kwenye makaburi ya familia. Hakuomba msamaha. Alirudi Kiwanja, na nilisikia kwamba sokoni alianza kuwasimamisha akina mama wenye watoto wachanga, anawafunua mwenyewe, anasema, "Inatoka pande mbili, papa na mama, mimi nilijua tangu zamani." Amewaleta kwetu watoto wengi kuliko tangazo lolote la redio. Nilimwacha na uongo wake, ulikuwa na faida.

Baadaye kidogo wataalamu wageni walichukua damu za familia ile, wakaondoka nazo. Majibu yalirudi wakati ambapo tulikuwa tumesahau sura zao. Punje mbaya ilikuwa na jina, CYP1B1, linalofanana na namba ya gari. Watoto wote watatu waliougua walikuwa nayo mara mbili, na wazazi wao mara moja moja. Dokta Anakleti alisoma, akasema, "Tumeshinda Ulaya kwa kopo la shule." Mwaka uliofuata alistaafu, akiwa na mtoto wa jicho pande zote mbili, na alimtukana kila daktari aliyejaribu kumfanyia upasuaji.

Espoir alikua. Anaona kwa jicho moja, anatengeneza simu, na masikio hayajapungua. Alipotaka kuoa msichana anayeitwa Aline, alikuja kwangu kwanza.

"Mama Zaina, batoto yangu batapata?"

"Kila mutoto wako atabeba punje moja mbaya, ni lazima, weye huna ingine ya kutoa. Kuugua ni tu kama Aline naye anabeba."

Akaenda kwao Aline kujitambulisha, na badala ya kuzungumza mahari akaanza kuuliza bibi wa mama alizaliwa kilima gani, na babu wa baba je. Ninyi mnajua swali hilo linasikikaje katika mkoa wetu. Wajomba wakasimama. "Kijana, uko wa kundi gani?" aliuliza mmoja. "Nani amekutuma kuuliza asili yetu?" Ilibidi Furaha aitwe, na Furaha akaniita mimi, na tukakaa pale mpaka jioni tukieleza mifereji ya macho kwa wazee waliodhani wanapelelezwa. Hakukuwa na kilima cha pamoja. Nikawaambia kwamba hiyo inapunguza hatari, haiifuti. Wakaoana.

Mtoto wao alizaliwa mwaka huu, mji ukiwa umebadilisha watawala tena, mimi nikiwa nimeshastaafu. Ile kompas niliyoiazima kwenu bila kuwaeleza sababu ilikuwa ya kazi hiyo. Tulimpimia chumbani kwa Furaha, mapazia yamefungwa. Aline alimshika kichwa, nilikuwa nimemfundisha. Espoir alishika taa, na mkono wake ulikuwa imara kuliko wangu. Nilipima jicho la kulia, nikapima la kushoto, nikarudia la kulia. Mtoto alikojoa juu ya kitenge changu kipya.

Furaha alikataa kuwemo. Nilimkuta nje, ameketi juu ya mawe meusi, ameupa mlango mgongo.

"Usinidanganye," alisema kabla sijafungua mdomo.

"Kioo ni safi. Kipimo ni cha mutoto wa kawaida."

"Yote mbili?"

"Yote mbili. Tutamurudia kila mwezi, lakini leo ni yote mbili."

Alijifunika uso kwa kitenge, akalia, nami nikaketi pembeni yake. Kisha akasimama, akajikung'uta vumbi, akaingia ndani, na nikamsikia akimgombeza Espoir kwa nini mtoto hana kofia.